Washington Usiku, Juu ya Magurudumu Mawili

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi imenibana, na kila nikifungua tarakilishi usiku niandike, macho yanajifunga yenyewe. Leo nimepata wasaa, na hadithi ninayo. Ni ya Oktoba 2019, nimekuwa nikiiahirisha tangu wakati huo. Jumapili iliyopita tulikuwa mezani kwa Shangazi, akauliza mbele ya watu wote: "Na kile kigari kilichokuangusha Marekani, bado kipo?" Watu wakacheka. Nikaona basi, heri niiandike mwenyewe kabla hajaimaliza kuisimulia yeye.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza digrii yangu ya sayansi ya tarakilishi, na nilikuwa na miezi kumi tu katika kazi yangu ya kwanza. Kampuni ikanipeleka kongamano la siku tatu Washington, D.C. Ndege yangu ya kwanza, viza yangu ya kwanza, koti langu la kwanza zito. Kongamano lenyewe sitalieleza, mmeshayaona mengi: viti, kahawa, vibandiko vya kubandika kwenye kipakatalishi. Ila jioni ya mwisho wenzangu wawili wakasema wamelipia ziara ya usiku ya kuzunguka jiji kwa Segway, na kuna nafasi moja imebaki. Nikasema niko.

Lakini kabla ya kuondoka Nairobi kuna jambo lililotokea, na bila hilo hadithi haieleweki.

Shangazi yangu haoni. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998 alikuwa kazini, karani wa kupiga taipu katika ofisi moja karibu na Haile Selassie Avenue. Wanaojua habari za siku ile wanajua kwamba kabla ya mlipuko mkubwa katika ubalozi wa Marekani kulisikika kishindo kidogo, na watu wengi katika majengo ya karibu wakaenda dirishani kutazama kuna nini. Shangazi alikuwa mmoja wao. Hapa Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11, na waliojeruhiwa walikuwa maelfu. Wengi waliumizwa macho na vioo. Mimi nilikuwa na miaka miwili.

Kwa hiyo Shangazi ninayemjua mimi ni yule asiyeona, mwenye fimbo nyeupe na redio. Na ndiye aliyenifundisha kupiga taipu. Alikuwa na mashine kuukuu ya taipu kitandani kwake. Ananiweka mbele yake, ananifunika mikono kwa leso, nipige barua zote bila kutazama. Nikikosea anajua kwa sauti tu. Darasa la sita nilikuwa napiga haraka kuliko mwalimu wetu. Ukiniuliza nani alinitia katika kazi hii, jibu ni hilo.

Sasa, kampuni yetu ilikuwa imetengeneza apu ya simu ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Shangazi ni mwanachama. Wiki mbili kabla ya safari tukatoa toleo jipya: rangi mpya, vitufe vyenye picha nzuri badala ya maneno. Mimi ndiye niliyeviweka vile vitufe. Usiku wa kuamkia safari Shangazi akanipigia.

"Kijana wangu, hii simu siku hizi inaniambia 'kitufe, kitufe, kitufe.' Kitufe cha nini?"

Kama hamjui, simu ina programu ya kusoma skrini. Ukipitisha kidole inakusomea kilichopo. Lakini kitufe chenye picha tupu hakina cha kusomwa, mpaka aliyekiandika akipe jina. Mimi sikuwa nimevipa majina. Shangazi akaniambia kwamba ili kutuma pesa ilimbidi ampe mtoto wa jirani simu, na namba yake ya siri pia. Pesa haikupotea, yule mtoto ni mwema. Lakini mwanamke aliyejitegemea miaka ishirini kutoa namba yake ya siri kwa mtoto wa darasa la tano!

Nikamwambia, "Shangazi, tutaliangalia." Na hapa niseme ukweli. Malalamiko kama hayo yalikuwa yameshafika kazini kwetu kutoka kwa mtu mwingine, na mimi mwenyewe kwa mkono wangu ndiye niliyeyaweka chini kabisa ya orodha. Niliandika: "Watumiaji wachache." Kisha nikapanda ndege.

Kabla hatujakata simu aliniambia, "Ukifika huko unieleze. Usiniletee picha, picha sina kazi nazo."

Basi tukutane Washington, saa moja na nusu usiku. Baridi ya wastani, koti linatosha. Sisi watu sita na kiongozi wetu, kijana mrefu mwenye asili ya Ethiopia. Alipojua natoka Kenya ikabidi kwanza tubishane kidogo kuhusu mbio ndefu. Alitugawia helmeti, akatupanga kwenye kijia kipana, na kuanza mafunzo.

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona: Segway ni ubao wa kusimama, una gurudumu moja kila upande na mti wa kushika mbele yako. Haina breki wala kichapuzi. Ukiinama mbele kidogo inakwenda, ukijirudisha nyuma inapunguza mwendo na kusimama. Kugeuka unalaza mti upande unaotaka. Mwendo wake wa juu ni kilomita 20 hivi kwa saa, ila kiongozi alikuwa amezifunga zetu zisizidi mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Mashine moja ina uzito wa kilo 47 hivi, na mwenye chini ya kilo 45 haruhusiwi kupanda. Mwenzangu mmoja alinitazama tukasomewa hilo. Nilikuwa na kilo 58, asante sana.

Nilipopanda mara ya kwanza magoti yalinitetemeka, na mashine nayo ikatetemeka, mbele nyuma, mbele nyuma. Nilidhani ni mbovu. Kiongozi akacheka: "Ni wewe huyo. Yenyewe inakufuata tu. Usitazame miguu. Tazama unakokwenda, miguu iache iongee nayo."

Hapo akili ya mtu wa programu ikaamka. Nitawaeleza inavyofanya kazi, maana ni jambo tamu.

Chukua ufagio, usimamishe kwa mti wake juu ya kiganja. Ukianza kuangukia mbele, unapeleka kiganja mbele. Ukianguka nyuma, unarudisha. Sote tumecheza mchezo huo utotoni. Segway ni mchezo huo huo: wewe ndiwe ufagio, magurudumu ndiyo kiganja. Ukiinama mbele, kwa hesabu yake unaanguka, basi inakimbilia mbele ikudake. Kwa hiyo mwendo wote wa Segway ni kuanguka kunakodakwa. Ndani yake mna jairoskopu tano na vihisi viwili vya mwinamo, na mzunguko wa kupima na kurekebisha unarudiwa mara 100 hivi kila sekunde. Haina kamera wala haioni njia. Inachojua ni uzito wako umeegemea wapi.

Aliyeileta ni mvumbuzi Dean Kamen, ambaye kabla ya hapo alitengeneza iBOT, kiti cha magurudumu kinachoweza kupanda ngazi na kujiinua kwa magurudumu mawili. Ile elimu ya kusawazisha ilitoka kwenye kiti cha walemavu! Segway ilionyeshwa kwa umma tarehe 3 Desemba 2001, baada ya uvumi wa mwaka mzima kwamba kuna kitu kinakuja kitakachobadilisha miji ya dunia. Haikubadilisha miji. Bei ilikuwa karibu dola 5,000, na watu wana miguu. Ikaishia kwa walinzi, polisi, na watalii kama mimi.

Basi tukaondoka kwa mstari mmoja kama bata. Simu nilikuwa nimeiweka mfuko wa kifuani, inarekodi sauti. Ndiyo barua yangu kwa Shangazi. Nikawa naongea peke yangu kwa Kiswahili gizani, wenzangu wakidhani naomba Mungu.

Tulipita mbele ya White House, kwenye kipande cha Pennsylvania Avenue ambacho hakipiti magari tangu 1995. Nyumba ni ndogo kuliko nilivyodhani. Kisha tukashuka kuelekea Constitution Avenue, na mbele yetu Washington Monument, mnara wa mawe wa mita 169, ukiwa na taa kuanzia chini hadi ncha na taa mbili nyekundu juu kama macho. Kiongozi akatuonyesha kwamba sehemu ya chini ina rangi tofauti kidogo. Ujenzi ulikwama mwaka 1854 kwa ukosefu wa fedha, kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, na walipourudia jiwe likatoka kwingine. Ulikamilika 1884. Nikamwambia Shangazi: hata hawa wana majengo yaliyokwama miaka ishirini na zaidi!

Na hapo ndipo nilipoanguka. Nilitaka kuhakikisha simu bado inarekodi, nikainamisha kichwa kutazama mfuko. Kichwa kikienda, mwili unafuata. Mwili ukienda, mashine inakwenda. Gurudumu la kulia likagusa ukingo wa kijia, la kushoto likaendelea, na mimi nikajikuta kwenye majani nimelala chali, helmeti imeziba jicho moja. Mashine nayo ikaanguka kando yangu kwa heshima. Kiganja kilichubuka, basi. Kiongozi akaja mbio, akaniangalia, akasema, "Nilikwambia usitazame."

Tuliposimama kupumzika akanieleza vile mashine imewekewa karibu kila kitu mara mbili: betri mbili, bodi mbili za kuiongoza. Upande mmoja ukifa, wa pili unaipunguza mwendo na kutikisa mti mkononi mwako ili ujue ushuke. Lakini mimi nilikuwa nimeshasoma jambo lingine. Mwaka 2006 mashine zote zilizokuwa zimeuzwa, 23,500 hivi, ziliitwa zirudishwe kwa sababu ya hitilafu ya programu. Ilikuwa hivi: ukienda kasi kupita kiasi, mashine inakuinamisha nyuma ili upunguze. Ikitokea wakati huo huo umeteleza ukashuka, kisha ukarudi juu haraka, magurudumu yangeweza kugeuza mwelekeo ghafla. Watu kadhaa waliumia. Dawa ilikuwa programu mpya.

Fikirieni mnyororo wenyewe: aende kasi, asukumwe nyuma, ashuke, arudi, na vyote kwa muda mfupi. Ni watumiaji wangapi hufanya hivyo? Wachache. Ndilo neno nililoandika kwenye ile orodha. Nilikaa kimya kidogo hapo. Katika rekodi Shangazi anasema anakisikia hicho kimya.

Tukaendelea. Kwenye kumbukumbu ya Vita vya Pili vya Dunia, iliyofunguliwa 2004, kuna nguzo 56 zimezunguka bwawa lenye chemchemi, na ukuta wenye nyota 4,048 za dhahabu. Kila nyota ni Wamarekani 100 waliokufa. Kuingia na mashine ndani ya kumbukumbu hakuruhusiwi, tunaegesha nje na kutembea. Baada ya saa nzima juu ya Segway, miguu inasahau kazi yake. Unainama mbele ukitarajia ardhi ikuchukue, haikuchukui.

Kisha tukafika ukuta wa waliokufa Vietnam. Nitaenda polepole hapa.

Ulijengwa 1982. Aliyeuchora, Maya Lin, alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 michoro ilipochaguliwa. Usitegemee mnara. Ni ukuta wa jiwe jeusi lililong'arishwa, umezama ardhini. Unateremka kijia, na kadiri unavyoteremka ukuta unakua kando yako, mpaka katikati unakupita kimo, karibu mita tatu. Juu yake majina zaidi ya 58,000, yamepangwa kwa siku waliyokufa. Usiku kuna taa ndogo tu chini, miguuni. Watu wanasema kwa kunong'ona. Majina mengi huwezi kuyasoma kwa macho kwa sababu ya giza.

Yamechongwa. Nikaweka kidole. Herufi ni kali, safi. Nikafumba macho nikapitisha kidole polepole, na nikasoma. Herufi moja, ya pili, ya tatu, mpaka jina la ukoo likatimia. Nikafumbua macho nikathibitisha: sawa kabisa. Nikajaribu lingine.

Nikamwambia Shangazi kwenye simu: "Hapa ungeweza kusoma mwenyewe." Kisha nikakumbuka ule ukuta wetu, pale kwenye bustani ya kumbukumbu, pembe ya Moi Avenue na Haile Selassie, uliobeba majina ya wa 1998. Yeye yuko hai, kwa hiyo jina lake haliko huko wala popote. Sijawahi kumuuliza kama angependa liwepo. Nilifikia kwenye ule ukuta wa Vietnam nikiwa na mzaha wa mtalii, nikatoka sina.

Mwisho ilikuwa Lincoln Memorial, iliyozinduliwa 1922, nguzo 36, na Lincoln ameketi ndani, urefu wa mita 5.8, mwanga ukimwangukia kutoka juu. Nikakaa kwenye ngazi. Mbele yako bwawa refu, zaidi ya mita 600, na mnara wote umelala majini kichwa chini. Ngazi chache chini ya sanamu pamechongwa sakafuni mahali aliposimama Martin Luther King tarehe 28 Agosti 1963. Maandishi yaliwekwa 2003. Watu walikuwa wanayaruka bila kuyaona. Nilichuchumaa nikayatafuta kwa kiganja, kile kisichochubuka, nikayapata.

Huko ilikuwa saa tatu usiku kasoro, nyumbani saa kumi alfajiri. Nikatuma rekodi. Dakika themanini na kitu.

Shangazi aliisikiliza yote kabla ya kiamsha kinywa, akanipigia. Alicheka mpaka akakohoa pale nilipoanguka. Akaniambia alisikia maji ya chemchemi kabla sijayataja. Akaniambia magurudumu yanalia kama mbu akiwa mbali. Akauliza yale majani niliyoangukia yalinuka nini, nami sikuwa na jibu. Kisha akauliza kwa sauti ile ile: "Na kile kitufe?"

Sikumwambia tena kwamba tutaliangalia. Nilifungua kipakatalishi hotelini, sikulala. Vitufe vilikuwa 41. Kila kimoja kilihitaji mstari mmoja wa maelezo: "Tuma pesa." "Angalia salio." "Rudi nyuma." Nilifumba macho nikajaribu apu nzima kwa masikio. Kazi yote ilichukua saa tatu. Kinachoniuma mpaka leo ni hizo saa tatu. Ingekuwa wiki tatu ningekuwa na kisingizio. Toleo lilitoka siku tano baadaye, na Shangazi akabadilisha namba yake ya siri siku hiyo hiyo.

Haya, jibu la swali lake la Jumapili: kile kigari kiliacha kutengenezwa Julai 2020. Jumla ziliuzwa 140,000 hivi. Hiyo ndiyo hesabu ya kitu kilichokuwa kibadilishe miji. Lakini nasikia tofauti sasa ninapokumbuka ule mtikisiko wa mti mkononi. Waliotengeneza walijiuliza: mtu huyu hatazami chini, tutamwambiaje? Wakamwambia kwa mikono.

Kazi yenu ya nyumbani, hasa ninyi mnaoandika programu: fungua Mipangilio ya simu, tafuta Ufikivu, washa TalkBack. Kugusa mara moja kunasoma, kugusa mara mbili kunachagua. Kisha geuza skrini usiitazame, ujaribu kutuma shilingi hamsini kwa apu uliyoiandika mwenyewe. Mkinitukana baadaye nitaelewa. Mimi sasa toleo lolote halitoki mikononi mwangu kabla Shangazi hajalipitisha, na ni mkali kuliko mkaguzi yeyote niliyewahi kufanya naye kazi.

Wiki ijayo nitaendelea na ile habari ya hifadhidata niliyowaahidi, sijasahau. Na kuhusu bustani ya kumbukumbu: tumekubaliana na Shangazi kwenda Jumamosi. Anasema hajawahi kuugusa ule ukuta.